Njia ya Kwenda kwa Kadhi

Mwanamke wa Tibirinzi aliyechoka na mume asiyemlisha haulizi njia. Anaanza kwa wazee wa pande mbili. Wakishindwa, anakwenda kwa sheha wa shehia yake, na sheha akishindwa kuwapatanisha anamwandikia barua. Kwa barua hiyo anashuka mjini Chake Chake, kwenye Mahkama ya Kadhi. Masafa ni ya miguu tu. Lakini tazama aliopita kwao: kabla hajaonana na mtu wa dini, amekwisha kuonana na mtu wa Serikali. Sheha si imamu. Ni mteule wa dola, mwenye daftari la wakaazi.

Na huyo kadhi anayemfuata naye ni mtumishi wa dola. Kadhi Mkuu wa Zanzibar anateuliwa na Rais. Mufti naye anateuliwa na Rais, kwa sheria ya 2001. Wakfu na amana za Waislamu ziko chini ya kamisheni ya Serikali. Anayetaka kutoa mhadhara wa dini hadharani anatakiwa kuwa na ruhusa, na jumuiya ya Uamsho iliyojaribu kusimama nje ya mpango huo ilipambana na dola hadi viongozi wake wakakamatwa baada ya ghasia za Oktoba 2012, wakakaa mahabusi mpaka Juni 2021. Kwa hiyo watu wanapouliza dini imeingia kiasi gani katika utawala wa Zanzibar, nahisi swali limewekwa juu chini. Utawala ndio ulioingia katika dini, tena zamani, na kila haki au dhulma inayotajwa kwa jina la sharia ina mkono wa karani ndani yake.

Mkono huo unaonekana wazi zaidi katika jambo ambalo Pemba, kisiwa cha mikarafuu, ina sababu ya kulikumbuka. Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, akisukumwa na Waingereza, alitoa amri ya kuondosha hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Mtumwa aliyetaka uhuru wake aende mahkamani akaudai. Masuria hawakuhesabiwa. Amri iliwaweka kando kana kwamba ni wake wa watu, na hoja iliyotolewa ni kwamba Serikali haitaki kuingilia nyumba za Waislamu. Wakasubiri hadi 1909. Miaka 12 nzima Waingereza, waliojisifu kwa ukombozi, waliifanya dini kuwa pazia mbele ya wanawake waliokuwa wanyonge kuliko wote. Na sharia yenyewe, pamoja na kuuruhusu usuria, ilikuwa na hukumu zake: mtoto wa suria ni huru, na mama aliyemzalia bwana wake huwa huru bwana akifariki. Hukumu hizo hazikutoka London.

Asije mtu akadhani dola ikijitenga na sharia ndipo usawa unapopatikana. Septemba 1970 Baraza la Mapinduzi lilishuhudia wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi wakiozwa kwa nguvu kwa watu wakubwa wa Serikali, kwa hoja ya kuchanganya makabila na kuondosha ubaguzi. Neno lililotumika lilikuwa usawa. Ridhaa ya bibi harusi na uwalii wa baba, mambo ambayo mwanafunzi wa chuoni anayajua, yaliwekwa pembeni na serikali ya kimapinduzi. Hapo sharia ndiyo iliyokuwa ngao, na ngao hiyo ikavunjwa.

Upande wa pili, mwaka 1985 ilipitishwa sheria iliyomwezesha hakimu kumfunga jela mwanamke asiye na mume akipata mimba. Ilivaa nguo ya dini, ila sioni fikihi gani inayopima zinaa kwa tumbo na kumwachia hakimu wa Serikali kutoa kifungo. Sheria ya 2005 iliibadili, adhabu ikawa kazi za kijamii. Nafuu, bila shaka. Lakini tumbo bado linaonekana na mwanamme bado haonekani.

Sasa tumchukue mwanamke wetu tumvushe bahari. Si safari ya kubuni: Wapemba wako Tanga, wako Mombasa, wako Maskati, na katika kila moja ya bandari hizo dini ileile inakutana na dola tofauti.

Akihamia Tanga, anakuta makadhi wa Serikali wameondoka tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, mfumo wa mahakimu ulipounganishwa kwa sheria ya 1963. Ndoa yake, ya Kiislamu ilivyo, inasimamiwa na Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo iliwakusanya Waislamu, Wakristo, Wahindu na wenye mila zao chini ya paa moja. Anapita baraza la usuluhishi, mara nyingi la BAKWATA, baraza kuu la Waislamu, kisha mahkama ya mwanzo. Paa hilo lilimletea jambo ambalo Chake Chake halikuwepo. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahkama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kupika, kufua, kulea: yote yahesabiwe. Wanafunzi wa sheria wanaikariri hukumu hiyo kwa furaha, na wachache husoma mwisho wake, ambapo Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa mahkama iliona fedha aliyopewa na mumewe aliitumia vibaya. Kanuni ikabaki, mdai akaondoka mikono mitupu.

Lakini paa hilohilo linavuja. Sheria ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, na mvulana asubiri 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alipoipinga, Mahkama Kuu ilimpa haki mwaka 2016. Serikali ikakata rufaa, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba sheria ile ilitungwa kwa kuzipatanisha dini na mila za nchi. Mahkama ya Rufani ilikataa Oktoba 2019. Nchi ambayo Katiba yake inasema haina dini ilikwenda mahkamani kujificha nyuma ya dini, na iliyofukuzwa pale ilikuwa hoja ya Mwanasheria Mkuu, si ya sheikh wala askofu. Kabla ya hapo, mwaka 2015, upepo ulivuma upande mwengine: mswada wa kuitambua mahkama ya kadhi Tanzania Bara ulipofikishwa Bungeni, Jukwaa la Wakristo liliwataka waumini waikatae Katiba Inayopendekezwa. Kura ya maoni juu ya Katiba hiyo haijapigwa hadi leo.

Mombasa kuna hadithi ndefu zaidi, na inaanza kwa Mpemba. Tarehe 5 Oktoba 1963, miezi mitatu na siku chache kabla ya Mapinduzi ya Unguja, Waziri Mkuu wa Zanzibar Mohammed Shamte Hamadi, mwalimu kutoka Pemba, alibadilishana barua na Jomo Kenyatta. Sultani aliuachia ule ukanda wa pwani wa maili kumi, na Kenya ikaahidi kwamba Waislamu wataabudu kwa uhuru na mahkama za makadhi zitabaki. Serikali ya Shamte ilianguka Januari 1964. Ahadi aliyoipata haikuanguka. Iliingia katika Katiba ya Kenya ya uhuru, na ilipofika 2010 ikawa moto: majaji wa Mahkama Kuu walisema mwezi wa Mei kwamba kuwamo kwa makadhi katika Katiba kunapingana na nchi isiyo na dini, makanisa yakapiga kampeni ya hapana, na wananchi wakapiga kura ya ndiyo tarehe 4 Agosti.

Katiba hiyo ya Kenya ina vifungu viwili ambavyo ningependa kila mjumbe wa Baraza la Wawakilishi avisome. Kifungu cha 170 kinasema kadhi anahukumu ndoa, talaka na mirathi pale tu wadaawa wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa naye. Kifungu cha 24 kinasema wazi kwamba haki ya usawa itapunguzwa, kwa kadiri ya lazima tu, ili sharia itumike mbele ya kadhi. Wako wanaokiona kifungu hicho cha pili ni fedheha. Mimi nakiona ni ukweli uliosemwa hadharani: hapa tumepunguza usawa, kwa kiasi hiki, kwa sababu hii. Kilichosemwa hadharani kinaweza kushtakiwa. Na kikashtakiwa: Juni 2025 Mahkama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba kifungu hicho kisomwe kwa ufinyu, na watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe mirathi ya baba yao Muislamu. Viongozi wa Kiislamu walilalamika, na wana hoja nzito ya fikihi, maana suala la nasaba si la pembeni. Ila mabishano yako mezani, yana namba ya kesi, na mtu yeyote anaweza kuisoma hukumu.

Jambo jengine la Kenya linawashangaza wasioijua pwani. Susan Hirsch, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti katika mahkama za makadhi za Malindi na Mombasa, aliandika mwaka 1998 kwamba wadai wengi ni wanawake, na mara nyingi wanashinda. Erin Stiles, aliyefanya utafiti wake Mkokotoni, Unguja, alikuta vilevile: mlalamikaji ni mke. Mume ana talaka mdomoni, hana haja ya mahkama. Mke ndiye anayemhitaji kadhi, na kadhi akijua kazi yake humpa khului au fasakhi, na matumizi aliyonyimwa. Mahkama inayosemwa ni ya wanaume inaendeshwa na madai ya wanawake.

Na mali? Hapa Ulaya isitufundishe kwa sauti kubwa. Mwanamke wa Pemba wa miaka ya 1870 aliyerithi mikarafuu aliweza kuiuza, kuiweka rehani au kuiweka wakfu kwa jina lake. Mwanamke wa Uingereza aliyeolewa alisubiri sheria ya 1882 ndipo mali yake iwe yake kikamilifu. Nenda Goma au Bukavu: Kongo ni dola isiyo na dini kwa Katiba yake ya 2006, na sheria yake ya familia ya 1987, iliyokua juu ya msingi wa Kibelgiji, ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya kufanya jambo la kisheria. Idhini hiyo ilifutwa Julai 2016, na mume akabaki mkuu wa nyumba kwa maandishi. Mwanamke wa Kishafii hakuhitaji kamwe saini ya mume kuuza ng'ombe wake. Alirithi nusu ya kaka yake, hilo ni kweli na halifichiki, lakini nusu yake ilikuwa yake.

Maskati hakuna haja ya kutafuta kadhi pembeni, kwa kuwa dola yenyewe imetangaza Uislamu kuwa dini yake na sharia kuwa msingi wa sheria zake. Sheria ya Hali ya Mtu ya 1997 ndiyo kitabu cha ndoa na talaka. Na Sheria yake ya Msingi inakataza ubaguzi wa jinsia. Sentensi hizo mbili zinaishi nyumba moja. Oman iliporidhia mkataba wa kimataifa wa kuondosha ubaguzi dhidi ya wanawake, mwaka 2006, iliandika vipengele isivyovikubali, kikiwemo cha ndoa. Tanzania iliridhia 1985 bila sharti lolote, kwa niaba ya Zanzibar pia, ambako ndoa ya Muislamu inahukumiwa kwa sharia. Oman ilisema nini haitofanya. Sisi tulisaini yote.

Udhaifu wa Zanzibar, kwa maoni yangu, hauko katika kuwepo kwa kadhi. Zanzibar bila kadhi ingekuwa nchi nyengine, na wanawake ndio wangekuwa wa kwanza kumtafuta. Sheria mpya ya 2017 imeipa mahkama yake uwezo zaidi, na imefungua mlango wa kuangalia mali ya wanandoa kwa mchango halisi wa kila mmoja. Lakini neno hilo, halisi, linasubiri kadhi wa kulijaza. Je, aliyechuma karafuu na kuzianika, na aliyebaki nyumbani kuwapikia wachumaji, wote wawili wanahesabiwa? Nyalali alikwisha kulijibu kwa upande wa Bara, kwa sheria ambayo haivuki bahari. Fikihi nayo ina la kusema, kwani iko rai ya kwamba mke hawajibiki kupika, na anayefanya kazi isiyomwajibikia ana haki ya kuidai.

Hoja hiyo ikipelekwa kutoka Chake Chake, haitafika mbali. Kifungu cha 99 cha Katiba ya Zanzibar kinaizuia Mahkama ya Rufani ya Tanzania kusikiliza shauri la kiislamu lililoanzia kwa kadhi, kwa hiyo neno la mwisho husemwa Zanzibar penyewe. Sina ugomvi na hilo. Majaji wasiojua fikihi wasiitafsiri. Ila likisemwa, lichapishwe. Kenya inazichapisha hukumu za makadhi wake, mwanafunzi wa Lamu anaweza kuona kadhi wa Nairobi alisema nini kuhusu matumizi ya edda. Wanawake wawili wa Pemba, mmoja wa Chake Chake na mmoja wa Wete, wenye kesi moja ya mali iliyochumwa pamoja, wanapaswa kuweza kuziweka hukumu zao ubavuni na kuuliza kwa nini zinatofautiana, na kadhi wa tatu alazimike kueleza anafuata ipi.