Semina Mchana, Ngege Jioni

Mwaka 1911 mwanajiolojia Mwingereza, Felix Oswald, alisafiri hadi Karungu, ufuo wa Ziwa Viktoria ambao leo umo katika Kaunti ya Migori. Hakwenda kustarehe. Alitumwa kuchimbua mifupa ya wanyama wa kale, maana ofisa wa kikoloni aitwaye D. B. Pigott alikuwa ameokota huko mabaki ya mnyama wa ukoo wa tembo, kisha akaliwa na mamba. Isitoshe, nchi yote ya ufuoni iliogopwa kwa ugonjwa wa malale. Oswald alichimba, na saa za ziada akatembea huku akitazama watu, ndege na mawe. Mwaka 1915 alitoa kitabu kizima juu ya safari hiyo.

Historia ya utalii wa Migori na Homa Bay imejaa watu wa namna hiyo. Kule Mara au Diani, mtalii ndiye aliyejengewa hoteli. Huku kusini mwa Nyanza kitanda na sahani vimelipiwa zaidi na mtu aliyekuja kwa jambo jingine: kukusanya kodi, kununua samaki, kupima dhahabu, kukagua miwa, kuhudhuria semina. Vivutio huonwa kati ya kikao na kikao.

Mlango wa kwanza ulikuwa maji. Reli ilifika Kisumu mwezi Desemba 1901, na muda si muda meli za mvuke zikawa zinazunguka ziwa. Kendu Bay na Homa Bay zikapata gati, na maduka ya Wahindi yakafuata. Kendu Bay ilipata pia jamii ya Waislamu, ambayo msikiti wake wa Tawakal bado ni alama ya mji. Penye gati pana abiria anayesubiri, na penye abiria anayesubiri hapakosi mtu wa kumuuzia chai. Meli zilipungua barabara zilipotengenezwa, halafu katika miaka ya 1990 gugumaji likaziba ghuba kiasi cha kuzifanya boti zishindwe kutia nanga.

Samaki ndiye mwenye historia ndefu kuliko hoteli yoyote. Mgeni anayeketi ufuoni Homa Bay akaagiza ngege, ugali na mboga ya osuga huamini anakula chakula cha mababu. Ugali wa mtama, mboga za osuga na apoth, na aliya, ile nyama iliyokaushwa, vina haki ya kuitwa hivyo. Ngege wa kwenye sahani ana kesi ya kujibu. Mwaka 1905 Mnorwe aitwaye Aarup alileta nyavu za kitani katika Ghuba ya Winam, na ngege wa asili akaanza kuvuliwa kwa wingi usiowezekana kwa mitego ya matete. Kufikia miaka ya 1920 uvuvi ulikuwa umeshuka hata serikali ikamleta mtaalamu, Michael Graham, afanye uchunguzi wa ziwa mwaka 1927 na 1928. Baadaye, katika miaka ya 1950, wakapandikizwa samaki wa nje: sato wa mto Nile, na mbuta mla wenzake. Anayeitwa ngege mezani leo, mara nyingi ni huyo sato mgeni. Tena huenda hakuvuliwa kabisa, bali amefugwa kwenye vizimba vilivyotapakaa kuelekea Rusinga na Mfangano, au ametoka China akiwa barafu. Busara ni kumuuliza mwenye hoteli kabla ya kulipa bei ya samaki wa ziwa.

Mbuta naye aliibadili meza kwa njia nyingine. Alipozagaa upande wa Kenya miaka ya 1980, viwanda vilijengwa kumpasua na kupeleka minofu Ulaya. Kilichobaki ni kichwa na mifupa, na hicho ndicho kilichouzwa kwa watu wa ziwa, kikikaangwa kando ya barabara kwa jina la mgongo wazi. Ufuo ukawa unasafirisha nyama na kula mifupa. Mgeni mwenye marupurupu ya safari aliletewa mnofu au samaki mzima, weti frai au drai frai. Aliyembebea mkoba akala mgongo wazi. Tofauti hiyo haijaisha.

Migori ilikua kwa kufuata madini na barabara. Mgodi wa Macalder, huko Nyatike, ulitoa dhahabu na shaba tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Wachimbaji wadogo hawakufunga. Bado wanashuka mashimoni. Baadaye wakaja wanunuzi wa tumbaku, na katika miaka ya 1970 kiwanda cha sukari cha Sony huko Awendo. Juu ya hayo yote inapita barabara kuu iendayo Isebania, mpakani na Tanzania, yenye mabasi ya Nairobi na Mwanza na malori ya usiku. Ndiyo sababu mji wa Migori unajua kulisha watu saa yoyote, nyama choma zaidi ya samaki, na Kiswahili chake kina ladha ya ng'ambo ya mpaka.

Nyanza Kusini ilipokuwa wilaya moja, makao yake makuu yalikuwa Homa Bay, na kila mwenye faili alilazimika kwenda huko. Migori ilipata wilaya yake miaka ya 1990. Ugatuzi wa mwaka 2013 ukaongeza magavana, mabunge ya kaunti, wakandarasi, wakaguzi na mashirika, na ndege ndogo zikaanza kutua kwenye viwanja vya Kabunde na Lichota. Tarehe 1 Juni 2025 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika Homa Bay, na mwezi Agosti mwaka huohuo mji ukapokea Kongamano la Ugatuzi.

Wajumbe hao wanaona nini? Aliyeko Migori mwenye nusu siku huenda Thimlich Ohinga, umbali wa kilomita 46 hivi. Ni ngome ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, kuta zikifika mita 4 na zaidi, milango ikiwa mifupi makusudi ili aingiaye ainame. Ni ya tangu karne ya 16, na UNESCO iliitia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Ni aibu kwamba wengi huishia kuisikia tu.

Aliyeko Homa Bay ana Ruma, katika bonde la Lambwe. Mbung'o waliwafukuza watu bondeni, wanyama wakabaki, na mwaka 1966 likatengwa kuwa hifadhi. Ndipo mahali pekee Kenya palipobakiwa na korongo, swala mkubwa wa jina hilo. Kwa mwenye siku nzima kuna Rusinga: kaburi la mwanasiasa Tom Mboya, aliyeuawa Julai 1969, na machimbo ambako Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, mwaka 1948.

Njiani kurudi Kisumu liko ziwa dogo la Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, lenye flamingo. Wanasayansi wanasema ni shimo la volkano. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa kijiji chenye karamu: ajuza mgeni akaomba chakula, wakamfukuza, isipokuwa mwanamke mmoja aliyempa, usiku ikanyesha mvua iliyozamisha kijiji chote. Madereva wa magari ya serikali wanakijua kisa hicho kwa moyo, na hupenda kukisimulia saa ya chakula cha mchana inapokaribia.