Kigugumizi na Neno Lake: Historia ya Masomo ya Kasoro za Usemi katika Chuo Kikuu cha Iowa

0. Utangulizi

Je, kitu chaweza kuzaliwa na jina lake? Swali hili, ambalo wanaisimu hulijadili darasani bila kumdhuru mtu, liliwahi kujaribiwa juu ya watoto yatima. Jambo hilo lilitukia katika Chuo Kikuu cha Iowa, nchini Marekani, mahali ambapo masomo ya juu ya kasoro za usemi yalianza mapema kupata sura ya taaluma kamili. Makala haya yafuatilia historia hiyo, na hasa uzito ambao neno moja lilipewa ndani yake.

1. Chimbuko la taaluma

Msingi uliwekwa na Carl Seashore, mwanasaikolojia mzaliwa wa Sweden, aliyeongoza masomo ya uzamili na udaktari huko Iowa tangu 1908 hadi 1936. Kwa maoni yake, usemi unaokwama hauwezi kueleweka na tabibu peke yake, wala na mwanasaikolojia peke yake. Kwa hiyo alimwandalia mwanafunzi wake, Lee Edward Travis, masomo yaliyounganisha fani mbalimbali. Travis alipata shahada ya udaktari mwaka 1924, na mwaka uliofuata akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kitaifa cha wataalamu wa usemi. Pamoja na daktari wa akili Samuel Orton, alishikilia kwamba kigugumizi hutokea pale ambapo nusu mbili za ubongo hushindania kuongoza viungo vya usemi.

Mwaka 1926 aliwasili Wendell Johnson, kijana wa Kansas mwenye kigugumizi kikali. Hakufuata elimu tu, bali na tiba pia. Mkono wake wa kulia ulifungwa plasta ili ajizoeze kutumia wa kushoto, kama nadharia ilivyotaka, ulimi haukufunguka. Alipokwisha kupata udaktari mwaka 1931, Johnson alianza kutafuta chanzo nje ya ubongo. Watoto wote, alisema, hukwamakwama wanapojifunza kusema. Kigugumizi huanza mzazi anapokuita kukwama huko kwa jina la ugonjwa, na mtoto akaanza kukiogopa kinywa chake mwenyewe.

2. Watoto wa Davenport

Mwaka 1939 Mary Tudor, mwanafunzi wa uzamili aliyeongozwa na Johnson, alichagua watoto 22 katika makao ya yatima ya Davenport. Kumi kati yao walikuwa wamekwisha kutajwa kuwa na kigugumizi. 12 hawakuwa nacho. Sita kati ya hao 12 waliambiwa kwamba dalili za kigugumizi zimewaingia, na kwamba ni heri wanyamaze kuliko kusema vibaya.

Baada ya miezi michache, baadhi yao walikuwa wamepunguza maneno na kuona haya kusema mbele ya watu. Hata hivyo, Nicoline Ambrose na Ehud Yairi, walioichunguza upya tasnifu hiyo mwaka 2002, walionyesha kwamba takwimu zake hazithibitishi kuwa kigugumizi chenyewe kilizaliwa. Johnson hakuyachapisha matokeo hayo. Tasnifu ilibaki maktabani hadi gazeti moja la California lilipoifichua mwaka 2001. Chuo kikaomba radhi, na mwaka 2007 jimbo la Iowa likakubali kulipa dola 925,000 kwa ajili ya baadhi ya yatima hao. Wahenga walinena: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Huko Davenport, ulimi uliojikwaa haukuwa wa mtoto.

3. Neno lililodaiwa kutokuwapo

Nadharia hiyohiyo ilikuwa na upande wa pili: pasipo jina, pasiwe na ugonjwa. Mwaka 1944 Johnson aliandika kwamba Wabannock na Washoshone, wenyeji asilia wa Idaho, hawana neno la kigugumizi, na hawana kigugumizi. Dai hilo lilirudiwa kwa miaka mingi. Mwaka 1983 Gerald Zimmermann na wenzake, akiwamo mwanaisimu Sven Liljeblad, walionyesha kinyume chake: lugha hizo zina maneno mengi ya kigugumizi, na wenye kigugumizi wapo. Upungufu haukuwa katika lugha hizo, bali katika masikio ya watafiti wa kwanza.

4. Hitimisho

Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2010, na mwingine wa mwaka 2015 juu ya ukoo mkubwa wa Kameruni, umeonyesha kwamba baadhi ya kigugumizi hurithiwa. Jina, basi, haliumbi kigugumizi. Lakini laweza kumfunga mtoto kinywa, na hilo si jambo dogo. Kiswahili chenyewe chaonyesha hatari hiyo na dawa yake: ngeli ya KI- humweka mtu pamoja na kasoro yake katika kiziwi, kiwete na kilema, ilhali "mwenye kigugumizi" humtenganisha nayo.

Historia ya Iowa yawahusu pia wataalamu wa lugha za Kiafrika. Atakayefungua masomo ya namna hii kwa Kiswahili, au kwa lugha yoyote ya Kongo, yampasa kwanza kuwauliza wasemaji wenyewe ni maneno gani wanayotumia, kabla ya kutangaza kwamba hayapo.