Wasichana wa Shule na Magazeti katika Japani ya Meiji

Mwaka 1903, gazeti la Yomiuri Shimbun la Tokyo lilianza kuchapa kwa mfululizo riwaya ya Kosugi Tengai, Makaze Koikaze. Mhusika wake mkuu, Hatsuno, ni mwanafunzi wa kike anayekatiza mitaa kwa baiskeli. Wasomaji waliisubiri sehemu mpya kila siku, na miongoni mwao walikuwamo wasichana waliojiona humo.

Kizazi hicho cha wasichana kilizaliwa na shule. Sheria ya mwaka 1899 iliutaka kila mkoa uwe na angalau shule moja ya sekondari ya wasichana, kwa lengo la kuwaandaa kuwa wake wema na mama wenye busara. Katika shule za msingi mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi: kwa takwimu za serikali, mwaka 1897 ni nusu tu ya wasichana waliosoma, mwaka 1904 walizidi asilimia 90.

Gazeti nalo lilikwisha kuwatengenezea njia. Tangu kuanzishwa mwaka 1874, Yomiuri lilichapa herufi ndogo za sauti kando ya herufi ngumu za Kichina, hata asiyejua maelfu ya herufi hizo akaweza kusoma. Walimu wengi hawakupendezwa. Waliziona riwaya kuwa sumu kwa maadili ya binti. Wachapishaji, kwa upande wao, waliona soko la majarida ya wasichana: Jogaku Sekai lilitoka mwaka 1901, Shojo Sekai mwaka 1906, na Shojo no Tomo mwaka 1908.

Kilichoyapa majarida hayo uhai ni kurasa za wasomaji. Wasichana walituma barua, mashairi na insha, wengi kwa majina ya kubuni, wakajibizana na wenzao wa mikoa ambayo hawajawahi kuikanyaga. Serikali iliwafundisha kusoma ili watunze nyumba. Wao wakautumia usomaji huo kujipatia hadhira.

Hani Motoko alikwisha kuonyesha kwamba binti aliyesoma anaweza kuingia chumba cha habari chenyewe. Mzaliwa huyo wa Hachinohe alisoma Tokyo, akaajiriwa na gazeti la Hochi Shimbun mwishoni mwa miaka ya 1890 kusahihisha maandishi kabla ya kuchapwa, kisha akapanda kuwa mwandishi wa habari, miongoni mwa wanawake wa kwanza nchini humo. Mwaka 1908 jarida aliloliendesha na mumewe, Yoshikazu, lilichukua jina la Fujin no Tomo.

Yoshiya Nobuko, aliyezaliwa mwaka 1896, alipitia mlango wa kurasa za wasomaji. Akiwa bado mwanafunzi alipeleka maandishi yake kwenye majarida ya wasichana. Mwaka 1916, jarida la Shojo Gaho lilianza kuchapa mfululizo wa hadithi zake, Hana Monogatari. Hadithi hizo zilizungumzia urafiki na mapenzi baina ya wasichana, na zilimfanya kuwa mmoja wa waandishi waliosomwa sana Japani.