Baridi yabisi kwa watoto: dalili, tiba na matunzo ya nyumbani

Mtoto anaamka saa kumi na mbili asubuhi, anashuka kitandani kwa shida na kuchechemea kama mzee. Ikifika saa tano anakimbia na wenzake. Mzazi anasema anadeka, mwalimu anasema anakwepa usafi wa asubuhi.

Wasikilizaji wetu, kuchechemea asubuhi na kupata nafuu mchana ni dalili kubwa ya baridi yabisi ya watoto. Wengi wetu tumezoea kuuita ugonjwa wa wazee, lakini hata mtoto wa mwaka mmoja au miwili huupata.

Ni ugonjwa gani?

Huanza kabla mtoto hajatimiza miaka 16. Kiungo huvimba, au huuma na kukakamaa, kwa wiki 6 au zaidi bila sababu nyingine kupatikana. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kushambulia utando wa ndani ya viungo. Hauambukizi wala hautokani na kurogwa. Jina nalo lisitudanganye: hauletwi na kulala chini wala kunyeshewa mvua.

Dalili za kuangalia

- Goti, kifundo cha mguu au vidole kuvimba, hata kama mtoto halalamiki maumivu.
- Kukakamaa asubuhi au baada ya kukaa muda mrefu.
- Mtoto mdogo aliyekwisha kutembea kutaka tena kubebwa.
- Kwa baadhi yao, homa ya kila siku kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na vipele.

Yapo pia maumivu ya miguu ambayo watoto wengi huyapata wakikua. Hayo huja jioni au usiku, hayaleti uvimbe, na asubuhi mtoto huamka mzima.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Kiungo kikiwa cha moto, kimevimba, mtoto ana homa na hataki kukanyaga, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Huenda kuna usaha ndani, na usaha huharibu kiungo kwa siku chache tu.

Uvimbe usio na homa nao usiachwe. Anza zahanati na uombe rufaa. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachomaliza jibu. Daktari atachunguza pia selimundu, kifua kikuu cha mifupa na magonjwa mengine yanayofanana na huu.

Macho yasisahaulike

Ugonjwa huu unaweza kuingia ndani ya jicho bila maumivu wala wekundu, na kumpofusha mtoto taratibu. Kwa hiyo apimwe na mtaalamu wa macho mara tu ugonjwa unapogundulika, kisha kila baada ya miezi michache kama atakavyoelekezwa, hata akisema anaona vizuri.

Tiba

Dawa ya kuuondoa kabisa haijapatikana, lakini watoto wengi wanaotibiwa mapema hutulia na kuishi kama wenzao. Dawa za kupunguza uvimbe, kama ibuprofeni, hutolewa kulingana na uzito wa mtoto. Wengine huchomwa sindano ndani ya kiungo, au hupewa methotreksati. Hii hutolewa mara moja kwa wiki, si kila siku. Kuizidisha ni hatari kwa maisha. Chagueni siku moja, mfano Ijumaa, na muiandike ukutani. Kabla ya chanjo yoyote, mwambie mhudumu kuwa mtoto anatumia dawa hiyo. Usiikatishe mwenyewe kwa kuwa uvimbe umepungua.

Nyumbani na shuleni

Maji ya uvuguvugu asubuhi hulegeza viungo. Mtoto aendelee kucheza na kutembea kadiri anavyoweza, maana kumlaza kutwa hudhoofisha misuli, na goti lililokaa limekunjwa huzoea kukunjika. Usimchanje chale wala kukanda kwa nguvu kiungo kilichovimba.

Zungumza na mwalimu, aelewe kwamba mtoto huyu huchelewa kwa sababu ya ugonjwa na anahitaji kuinuka kila baada ya muda. Ugonjwa ukiachwa, mguu mmoja unaweza kuwa mrefu kuliko mwingine na kiungo kikagoma kunyooka. Mtoto akichechemea kila asubuhi, mpandishe nguo tuyaangalie magoti yote mawili, tuyalinganishe, kabla ya kumwita mvivu.