Kutunga Asumini: Mapambo ya Arusi ya Kujitengenezea katika Bara la Mombasa

1. Utangulizi

Historia ya Mombasa imeandikwa mara nyingi, na aghalabu imeandikwa kwa kufuata ngome, majahazi, reli na bandari. Katika maandishi hayo wanawake huonekana kwa nadra, na waonekanapo huwa wamo arusini, wamekwisha pambwa. Ni machache yaliyoandikwa kuhusu mapambo yenyewe: nani aliyeyachuma, nani aliyeyatunga, na nani aliyekuwa na haki ya kuyavaa. Makala haya yanakusudia kulitazama suala hilo kwa mintarafu ya pande tatu za bara zinazokizunguka kisiwa cha Mombasa, yaani Likoni upande wa kusini, Kisauni upande wa kaskazini, na Changamwe upande wa magharibi.

Hoja yetu ni kwamba mapambo ya kujitengenezea nyumbani yana historia ya kijamii. Kwa wanawake wa bara, ambao miongoni mwao walikuwamo wengi waliotoka katika utumwa au waliozaliwa na watu wa namna hiyo, kumtungia binti maua yake ya arusi kulikuwa ni kudai uungwana. Dai hilo halikuandikwa katika hati yoyote ya serikali. Liliandikwa kwa uzi na sindano.

2. Vitu na majina yake

Yafaa kwanza tuvieleze vitu vyenyewe, maana msomaji asiyekulia pwani huenda akavidhani kuwa ni maua tu. Kilicho mashuhuri zaidi ni kikuba. Hiki ni kifungu kidogo cha maua na majani yanayonukia, kama vile asumini, waridi, rehani na vipande vya mkadi, vilivyofungwa pamoja kwa uzi ili mwanamke avivae kifuani au avichomeke katika nywele. Pamoja na kikuba kuna asumini iliyotungwa kwa uzi mmoja mrefu, ambayo huzungushwa kwenye nywele zilizosukwa au hutandazwa kitandani.

Kazi hii ina saa yake. Asumini huchanua usiku. Kwa hiyo mtungaji huyachuma matumba jioni, kabla hayajafunguka, akayatoboa kwa sindano moja baada ya jingine kwenye kikonyo. Akichelewa, maua hufunguka mkononi mwake na kuanza kunyauka kabla ya arusi. Akiyatunga kwa wakati, hufunguka kichwani mwa bibi arusi wageni wanapokuwa wamejaa. Mtu hawezi kuijua hesabu hii bila kufundishwa na aliyemtangulia.

Baada ya maua kuna vya kusaga na vya kupika. Singo ni mchanganyiko wa maua makavu na viungo vya manukato uliosagwa, ambao hutumiwa kumsingia bibi arusi mwili katika siku za kukaa ndani. Liwa husuguliwa juu ya jiwe kwa maji mpaka ikatoa uji wa kupaka. Majani ya mhina hukaushwa, hutwangwa, huchungwa na kukandwa, kisha hupakwa mikononi na miguuni na kuachwa yakolee. Udi wa nyumbani hupikwa kwa sukari mpaka ikawa nzito, ndipo hutiwa vipande vya udi na marashi, na ukipoa hukatwa vidonge vya kufukiza chetezoni.

Mwanafunzi wa lugha akiyatazama majina haya ataona jambo la kuvutia. Nomino nyingi zilivuka bahari: waridi, rehani, hina, udi na marashi ni maneno ya asili ya Kiarabu; asumini limepitia Kiarabu kutoka Kiajemi; langilangi limetoka mbali zaidi, katika visiwa vya Ufilipino. Lakini vitenzi ni vya Kibantu: kutunga, kusuka, kufunga, kusinga, kupamba. Mali ilitoka kwa wageni. Kazi na maarifa ya kazi yakatajwa kwa lugha ya wenyeji. Tena kitenzi kutunga ndicho hicho kinachotumika kwa shanga, kwa maua na kwa mashairi. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi aliomtungia binti yake mnamo mwaka 1858, alimwusia, pamoja na mengine, azifunge nywele zake na atunge asumini. Mama aliyekuwa akitunga beti alikuwa akimfundisha bintiye kutunga maua, na neno lilikuwa moja.

3. Shamba na mji

Ili kuelewa nafasi ya bara katika mambo haya, hatuna budi kukumbuka uhusiano wake na kisiwa. Wachangamwe ni mojawapo ya makabila ya Thelatha Taifa, pamoja na Wakilindini na Watangana. Kwa hiyo jina la Changamwe limo ndani ya usuli wa Mombasa yenyewe. Hata hivyo, katika karne ya 19 bara lilikuwa kwa wenye mji mahali pa mashamba. Huko Kisauni, Changamwe, Likoni na Mtongwe familia za kisiwani zilikuwa na minazi na nafaka, na waliolima humo walikuwa watumwa.

Utumwa ule haukuwa wa jembe peke yake. Vijakazi wa nyumbani walisuka nywele, walisaga liwa, walifukiza nguo na kuimba ngoma za arusi za waungwana. Walilijua pambo kwa mikono yao, lakini hawakuwa na idhini ya kulivaa kama alivyolivaa bibi yao. Katika miji ya pwani mtumwa alitambulikana kwa vazi lake: hakuvaa viatu wala kofia mbele ya bwana wake, na kijakazi hakujitanda kama mwungwana. Kwa maneno mengine, fundi wa uzuri alikuwa yule aliyenyimwa uzuri. Mwanahistoria asiyelizingatia jambo hili atayaona mapambo ya arusi kuwa ni starehe, na hatatambua jasho lililomo.

4. Baada ya 1907

Mnamo mwaka 1907 serikali ya Kiingereza ilifuta hali ya kisheria ya utumwa katika pwani ya Kenya, na masuria, ambao hapo kwanza walitengwa na sheria hiyo, wakaingizwa mwaka 1909. Sheria iliondoa milki ya mtu juu ya mtu. Haikugawa mashamba, wala haikumpa yeyote uungwana, kwani uungwana hutambuliwa na jirani. Hapo ndipo arusi ilipokuwa uwanja. Mwanamke ambaye nyanya yake alimpamba bibi wa watu sasa alimpamba mtoto wake mwenyewe, kwa ustadi uleule, mbele ya mashahidi.

Aliyekosa fedha hakukosa njia. Wanawake wa pwani waliotoga masikio walijaza tundu zao kwa majasi ya fedha. Wasiokuwa na fedha walisokota karatasi za rangi zikawa visahani vya kung'aa, wakavivaa badala yake. Kisutu, ile nguo yenye weusi, wekundu na weupe iliyokuwa ya bibi arusi, kilinunuliwa dukani. Lakini hina ilichumwa uani, na asumini vilevile. Pambo likawa kitu ambacho maskini angeweza kulifanya vizuri kuliko tajiri, kwa kuwa tajiri alizoea kufanyiwa.

Kiungo cha maarifa haya kilikuwa somo au kungwi, yaani mwanamke aliyemfunda binti na kumsimamia arusini. Margaret Strobel na Sarah Mirza wamehifadhi simulizi za maisha ya wanawake watatu wa Mombasa: Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, katika kitabu kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991. Wa pili kati yao alikuwa wa ukoo uliotoka utumwani. Thamani ya kazi ile ni kuwaweka pamoja wanawake wa tabaka mbalimbali na kuwaacha waseme wenyewe. Na wasemapo, arusi si pambizo la maisha yao.

5. Shada na kikuba

Kisauni ina historia nyingine ambayo haifai kusahauliwa. Mwaka 1875 wamishonari wa Church Missionary Society walianzisha huko kijiji cha Frere Town kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Pamoja na kanisa ikaja arusi ya kanisani, na pamoja nayo vazi jeupe, shela, na shada la kushika mkononi. Desturi hiyo yenyewe haikuwa ya kale mno huko kwao. Vazi jeupe lilienea sana baada ya arusi ya Malkia Victoria mwaka 1840, naye siku ile alivaa kichwani taji la maua ya mchungwa. Kwa kuwa mchungwa haustawi katika baridi ya Uingereza, maarusi wengi wa karne ile walivaa maua ya mchungwa yaliyofinyangwa kwa nta. Kwa hiyo ua la bandia si uzushi wa plastiki.

Tofauti ya shada na kikuba inastahili kufikiriwa. Shada hushikwa mbele ili lionekane. Kikuba huvaliwa ili kinuke. Bibi arusi aliyefunikwa hatazamwi na kila mtu, lakini harufu yake humtangulia mlangoni. Pambo moja ni la jicho, na la pili ni la pua. Kiswahili kilikuwa tayari na neno shada kwa fungu la ushanga au la maua, kikalitumia kwa desturi mpya bila taabu. Wazao wa watumwa wa Kisauni, Waislamu na Wakristo, walipata hivyo njia mbili za kusema jambo moja: huyu ni mtoto wa watu.

6. Hali ya leo na hitimisho

Daraja la kwanza la Nyali, lililoelea juu ya maji, lilijengwa mwaka 1931, na la sasa likafunguliwa mwaka 1980. Feri ya Likoni ilianza mwaka 1937. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka 1963 na kikaacha kusafisha mwaka 2013. Katika muda huo bara limegeuka kutoka mashamba kuwa makazi ya watu wengi, na kichaka cha asumini kinahitaji ua wa nyumba. Palipo na vyumba vya kupanga vilivyobanana hapapandwi mhina. Maua ya kitambaa na ya plastiki hayanyauki wala hayahitaji mtu wa kuyachuma jioni. Na mpambaji wa kukodiwa huja na kila kitu sandukuni.

Hatusemi kuwa mambo yamekwisha. Vikuba na asumini bado huuzwa Mombasa, na wako wanaojua kuvitunga. Wala haifai kumlaumu mama anayechagua kilicho rahisi, kwani taabu ya arusi humwangukia yeye. Linalotutia wasiwasi ni kwamba maarifa haya hayajaandikwa na wenyewe. Mnamo Desemba 2024 UNESCO iliziingiza mila za hina katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu, kwa ombi la nchi 16 za Kiarabu. Kenya haikuwamo, ingawa hina ya pwani yetu ina mafundi wake na istilahi zake.

Kwa hiyo kazi ya idara zetu iko wazi. Wanafunzi watokao Likoni, Kisauni na Changamwe wana nyanya ambao ni kamusi. Yakusanywe majina ya maua, ya mishono, ya namna za kufunga na za kusaga, pamoja na majina ya waliofundisha, kama yanavyokusanywa majina ya washairi. Kikuba kikitoweka, neno lake litabakia kamusini likieleza kitu ambacho hakuna ajuaye kukifunga; na kitenzi kutunga kitakuwa kimepoteza maana ambayo wanawake wa bara waliilipia.