Madaktari Waliofika Vibanjani

Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, zimepata magonjwa kadhaa yaliyofika huko kabla ya kufika kwingine nchini Tanzania. Tauni ilipowaua watu wa Kiziba, upande wa Bukoba, mwishoni mwa karne ya 19, daktari wa Kijerumani Zupitza alitumwa kuichunguza, na Robert Koch akathibitisha kwamba ni tauni kweli. Kisha yakaja malale. Wajerumani wakawakusanya wagonjwa kambini Kigarama. Dawa ya zama hizo, atoksili, ilikuwa na arseniki, na baadhi ya waliotibiwa nayo walipofuka. Tabibu alikaa kambini. Mgonjwa ndiye aliyeletwa.

Wamisionari wakajenga hospitali: Wakatoliki Rubya na Kagondo, Walutheri Ndolage, kule Kamachumu. Ni Ndolage ambako mwaka 1983 waligunduliwa wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la vitambaa vilivyovushwa kutoka Uganda, na wengi waliamini ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiwa. Kufikia 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa na wagonjwa.

Hapo ndipo udaktari wa Kagera ulipobadilika, na kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia hii. Mwaka 1987 watafiti Japhet Killewo, Klint Nyamuryekung'e na wenzao hawakusubiri wagonjwa wodini. Walikwenda kwenye kaya, mjini na vijijini, wakapima damu za watu waliojiona wazima. Bukoba Mjini, asilimia 24.2 ya watu wazima walikuwa na virusi vya UKIMWI. Bukoba Vijijini na Muleba, asilimia 10. Ukweli huo ulitisha, lakini ulivipa vijiji sababu ya kuzungumza waziwazi juu ya ndoa, ujane na yatima waliobaki na bibi zao vibanjani, yaani kwenye makazi yao ya migombani. Bukoba Mjini kiwango kilishuka hadi 18.3 mwaka 1993, kisha 13.3 mwaka 1996, miaka mingi kabla ya dawa za kufubaza virusi kufika kwa wananchi wa kawaida.

Machi 2023 homa ya virusi vya Marburg ilizuka Bukoba, mara ya kwanza Tanzania. Watu tisa waliugua, sita wakafa, mhudumu wa afya akiwamo. Safari hii wahudumu walijua pa kuanzia: kila aliyemgusa mgonjwa alifuatiliwa kwa siku 21. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni.