Mazungumzo mengine ya Kigoma

Taja Ujiji, na kila aliyepita darasa la historia atakujibu Stanley na Livingstone, 1871. Watu wawili, maneno machache, mnara wa kumbukumbu. Sawa. Lakini kaskazini ya mji wa Kigoma, pale Gombe, kuna mazungumzo ya kale zaidi, na utafiti wake ulianza Jane Goodall aliposhuka ufukweni Julai 1960.

Sokwe wa Gombe huitana toka bonde hadi bonde. Dume huanza chinichini, sauti ikapanda hadi ukelele, na wenzake wakamdakia kabla hajamaliza. Mwaka 1967 Peter Marler, bingwa wa sauti za ndege, alikuja kuwarekodi. Ikaonekana kila sokwe ana mwito wake, kama wewe unavyomtambua rafiki kwenye simu. Kule Mahale, alikoanza Toshisada Nishida mwaka 1965, utafiti wa John Mitani miaka ya 1990 ulionyesha dume akiitikia pamoja na mwenzake hubadili mwito ufanane na wa mwenzake.

Halafu kuna kimya. Kundi la Gombe lilipogawanyika, upande mmoja uliumaliza mwingine kati ya 1974 na 1977. Madume wakienda mpakani walinyamaza kabisa. Kumbe wanachagua wa kumjibu na wa kumnyima sauti.

Nani anachagua? Ubongo, ndugu yangu. Mwaka 2019 watafiti wa New York walichunguza panya waimbaji wa Amerika ya Kati, ambao hupokezana nyimbo. Walipozima kwa muda sehemu ya gamba la ubongo inayoongoza misuli ya uso, panya waliweza kuimba bado, ila kujibizana kukawashinda. Kutoa sauti ni jambo moja, kujua zamu yako ni jingine.

Na sokwe zamu wanaijua, hasa kwa ishara za mikono. Utafiti wa 2024 katika makundi matano ya Afrika Mashariki ulipima mapumziko kati ya ishara na jibu lake: wastani wa sekunde 0.12. Sisi binadamu tukiongea, kama 0.2.

Mimi naishi kwa kuuliza na kusubiri jibu, hivyo takwimu hiyo imenikaa kichwani. Nidhamu ya zamu huenda imeitangulia lugha yenyewe. Ila Gombe ni hifadhi ndogo, imezungukwa na vijiji na mashamba, na misitu ya jirani ilikatwa sana. Mwito unahitaji mwitikiaji. Misitu ikiisha, ataitikia nani?